Mpagazi aliyekuwa mfalme

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)

Kiko kitabu kimoja ambacho ukikitaja mbele ya wazee waliosoma kabla ya uhuru, au katika miaka ya mwanzo baada ya uhuru, nyuso zao hukunjuka. Hesabu za sehemu wamezisahau, lakini watakusimulia bila kukwama habari za jangwa lisilo na maji, ajuza asiyekufa, mlango wa jiwe unaoshuka wenyewe, na almasi zilizojaa masanduku. Kitabu hicho ni Mashimo ya Mfalme Sulemani. Leo nataka tukisome upya tukiwa tumesimama mahali maalumu, katika nyanda za juu za Kigoma, huko Kasulu na Kibondo. Nitaeleza kwa nini nimechagua huko.

Kwanza tumjue mwenye kitabu. Henry Rider Haggard alikuwa Mwingereza, aliyezaliwa mwaka 1856 katika jimbo la Norfolk. Akiwa kijana wa miaka 19 alipelekwa Natal, Afrika ya Kusini, kufanya kazi katika ofisi ya gavana. Mwaka 1877 alikuwamo katika msafara wa maofisa waliokwenda kuitwaa Transvaal kwa jina la Malkia Victoria. Aliporudi kwao alisomea sheria, lakini kalamu ndiyo iliyomtajirisha. Inasimuliwa kwamba alibishana na ndugu yake juu ya kitabu cha Stevenson cha kisiwa chenye hazina, ndugu akamwambia hawezi kuandika kilicho nusu ya hicho. Haggard akakaa chini, na kwa muda wa wiki sita hivi akawa amemaliza. Kitabu kilitoka mwaka 1885, London ikabandikwa mabango, na mwaka wa kwanza ziliuzwa nakala 31,000. Kwa siku zile hilo lilikuwa jambo la kutisha. Akafuatisha vingine vingi, na mwaka 1912 akapewa cheo cha heshima na kuitwa Sir. Alifariki mwaka 1925. Leo huko kwao jina lake hutajwa zaidi na watu wa filamu na walimu wa vyuo vikuu. Vijana wengi hawamjui.

Lakini sisi tulimpokea kwa mlango mwingine. Mwaka 1925 wakuu wa elimu walikutana Dar es Salaam kujadili Kiswahili cha mashuleni, na miaka michache baadaye Kiunguja kikachaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Lugha ikapata sheria, ila vitabu vya kusomesha havikuwapo. Ndipo Frederick Johnson, ofisa wa elimu wa Tanganyika, ambaye mwaka 1930 alikuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, akaingia kazini kutafsiri. Mashimo ya Mfalme Sulemani kilichapwa mwaka 1929. Baadaye kikaja Hadithi ya Allan Quatermain, ambacho safari yake inaanzia hapa hapa kwetu, Lamu, na kupanda mto Tana. Hivyo watoto waliokuwa bado hawajaona riwaya ndefu iliyoandikwa na Mwafrika kwa Kiswahili walijifunza riwaya ni nini kutoka kwa Haggard. Walimu wa fasihi wameeleza mara nyingi kwamba waandishi wetu wa visa vya upelelezi na safari walinyonya katika titi hilo.

Sasa hadithi yenyewe. Wazungu watatu wanaondoka Durban kumtafuta ndugu ya mmoja wao, aliyepotea akifuata machimbo ya Sulemani. Mkononi wana ramani iliyochorwa kwa damu na Mreno aliyekufa karne tatu nyuma. Wanahitaji wapagazi. Anakuja mtu mrefu, mwenye kujiheshimu, jina lake Umbopa. Anasema hataki mshahara, anataka kwenda nao tu. Wanamchukua. Anabeba mzigo, anavuka jangwa, anapanda mlima wa theluji ambako mwenzake mmoja anakufa kwa baridi. Kisha, wakiisha kuingia nchi iliyofichika nyuma ya milima, mpagazi huyo anavua nguo yake na kuonyesha alama ya nyoka iliyochanjwa kuzunguka kiuno. Kumbe ni Ignosi, mfalme halali wa nchi ile. Baba yake aliuawa na ndugu yake mwenyewe, Twala, na mama akamchukua mtoto akakimbia naye, akavuka milima na jangwa mpaka nchi ya watu wengine.

Hapo ndipo Kasulu na Kibondo zinapoingia.

Ndugu msikilizaji, tuliposoma kitabu hiki tuliambiwa ni hadithi ya almasi. Lakini kisome kwa macho ya mtu wa Kibondo. Mama mwenye mtoto mgongoni, anakimbia usiku, nyuma yake damu, mbele yake mpaka. Kwa mtu wa Kibondo hilo si jambo la riwaya. Amewaona akina mama hao kwa macho yake, mwaka 1972, tena mwaka 1993 baada ya Rais Ndadaye kuuawa kule Burundi, tena mwaka 2015. Mtu wa Kasulu amewaona wa Kongo wakifika, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa mwaka 1996. Mtabila, Muyovosi, Kanembwa, Nduta, Mtendeli, majina haya kwa msomaji wa Dar es Salaam ni habari ya gazetini, na kwa mwenyeji wa kule ni jirani aliyeomba kuni, aliyelima kibarua shambani kwake, na wakati mwingine aliyegombana naye kwa ajili ya maji na shamba. Umbopa, kabla ya kuwa mfalme, kabla ya kuwa mpagazi, alikuwa mtoto wa mkimbizi.

Na Haggard, pamoja na makosa yake yote, aliliona jambo hili vizuri. Wale mabwana walitembea na Umbopa miezi mingi. Walimwona akiwasha moto na kuchota maji. Hawakujua ni nani. Walisikia maneno yake ya fahari wakaudhika, wakaona mtumishi huyu anajipandisha. Sisi nasi tumekula viazi vilivyopandwa na vibarua waliovuka mpaka, tukamlipa mtu bei tuliyotaka kwa kuwa hana pa kushitaki, na hatukumwuliza kwao alikuwa nani. Mwalimu? Fundi? Mzee wa baraza? Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema umpe jembe umnyang'anye na jina.

Baada ya kumsifu mwandishi, haki inatutaka tumkosoe. Katika kitabu hiki Mwafrika mwema ni yule anayewatumikia wageni mpaka kufa. Binti Foulata, anayempenda mmoja wa wale wazungu, anauawa mwishoni, na mwandishi anamfanya atamke mwenyewe kwamba afadhali afe, kwani jua haliwezi kuoana na giza. Watoto wetu wa kike walisomeshwa hayo darasani. Wazungu wanawatisha wenyeji kwa kujua siku ya kupatwa kwa mwezi, kana kwamba watu waliolima na kufuga kwa kufuata mwezi karne na karne hawajawahi kuutazama. Hata hilo mwandishi hakulipatia. Katika toleo la kwanza alipatwisha jua mara tu baada ya usiku wa mwezi mpevu, jambo lisilowezekana, ikabidi baadaye abadilishe iwe mwezi.

Kisha kuna yule ajuza, Gagool. Anajua historia yote ya nchi, anajua njia ya machimbo, anakataa wageni wasichukue mali. Kwa ajili hiyo anachorwa kama nyani mwenye sumu, na tunashangilia jiwe linapomponda. Nawaomba tulitazame hili bila mchezo. Mkoa wa Kigoma umewajua waganga wa kufichua wachawi, wale wanaoitwa kamchape au lambalamba, wanaoingia vijijini na kunyoosha kidole, na mara nyingi kidole hicho huishia kwa mzee. Nyumba zimechomwa. Kitabu cha London hakikuleta uchawi Kasulu. Lakini kila hadithi inayotufundisha kwamba macho mekundu na mgongo uliopinda ni dalili ya ubaya inamwongezea nguvu mwenye kiberiti.

Haggard alipenda pia kuwaza malkia. Katika kitabu chake cha mwaka 1887 kiitwacho She, alimweka ndani ya mapango ya Afrika ya Mashariki mwanamke mweupe, aliyeishi miaka elfu mbili, akiwatawala watu weusi kwa hofu. Hakuweza kufikiri mtawala wa kike ambaye ni mweusi. Lakini nyanda hizi za Uha zilikuwa na falme za kweli, Heru upande wa Kasulu, Muhambwe upande wa Kibondo, Buyungu upande wa Kakonko, kila moja na mwami wake na watwale wake. Na katika miaka ya mwisho ya ukoloni aliyekalia kiti cha Heru alikuwa mwanamke, Mwami Theresa Ntare. Hakuishi miaka elfu wala hakutawala pangoni. Alihudhuria mikutano ya machifu wa Tanganyika kama wenzake, mpaka uchifu ulipofutwa baada ya uhuru.

Wala wageni hawakupita Uha kwa kuwatisha watu kwa mwezi. Novemba 1871, Stanley akienda Ujiji kumtafuta Livingstone, alikatiza nchi hii. Watwale wakamdai hongo, yaani ushuru wa kupita. Akalipa vitambaa. Akasogea kidogo, akadaiwa tena, akalipa. Mwisho akaona atafika Ujiji mikono mitupu, akamlipa mtu wa kumwongoza na kutoroka na msafara wake usiku kwa njia za porini. Mwenyewe aliyaandika hayo. Hiyo ndiyo safari ya kweli, na mwenye nchi anajua thamani ya nchi yake.

Tuje kwenye hazina, maana ndiyo iliyouza kitabu. Ugonjwa wa ramani ya siri haujatutoka. Mpaka leo, katika mikoa mingi ya Tanzania, wako watu wanaochimba usiku kando ya maboma ya zamani, chini ya mibuyu na makaburini, wakitafuta mali ya Mjerumani. Mmoja anauza ng'ombe ili anunue karatasi yenye michoro. Mwingine analipa mganga wa kutuliza majini yanayolinda sanduku. Anayetajirika ni mwuza karatasi. Haggard hakuwaambia wasomaji wake hilo, ingawa yeye mwenyewe alitajirika kwa njia hiyo hiyo, kwa kuuza ramani.

Hazina ya nyanda hizi ilikuwa wazi kwa kila mtu. Kusini, Uvinza, kuna chemchemi za chumvi ambazo wachimbuaji wa mambo ya kale wameonyesha kwamba watu walichemsha maji yake tangu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Chumvi hiyo ilivuka ziwa na kufika mbali. Na hazina ya pili ilikuwa mikono. Wakati wa Mwingereza, Kigoma haikujengewa viwanda, ilifanywa shamba la kuvunia watu. Wakala wa wenye mashamba ya mkonge, SILABU, iliyoanzishwa mwaka 1944, iliwaandikisha vijana wa Kasulu na Kibondo kwa mikataba, wakapakiwa treni kwenda Tanga na Morogoro kukata mkonge. Manamba, waliitwa, kwa kuwa kila mmoja alikuwa namba. Waliporudi walileta blanketi, baiskeli, na kikohozi. Wengine hawakurudi. Zile ndizo almasi zilizotoka nyuma ya milima, na hakuna aliyeandika juu yake riwaya ya kuuzwa nakala 31,000.

Mtu mmoja aliniuliza, je, basi kitabu hiki kitupwe? La hasha. Mtoto akinyimwa kitabu kitamu hasomi kitabu kingine, anaacha kusoma. Mashimo kisomwe, lakini mwalimu asikae kimya. Vyuo vya ualimu viko Kasulu kwenyewe, na mwalimu anayetoka huko ana kila sababu ya kuuliza darasani maswali ambayo Johnson hakuyaweka. Kwa nini Gagool hakutaka kuonyesha njia? Mama yake Ignosi aliitwaje? Aliwezaje kuvuka jangwa na mtoto, na kwa nini safari yake imepewa mistari michache, huku ya mabwana ikapewa kitabu kizima?

Jambo la pili ni kazi kwa mtoto. Aende kwa bibi yake, kwa jirani aliyekuja na mzigo kichwani, kwa babu aliyewahi kuwa manamba, aandike safari ya mmoja wao kwa Kiswahili chake. Asihofu kwamba si tamu. Kama Mwingereza aliweza kukaa kwao Uingereza akabuni jangwa, mtoto wa Kibondo mwenye shahidi aliye hai hapo jikoni anaweza kuandika lililo bora zaidi. Nao mashahidi hawangoji. Mwaka hata mwaka tunawazika.

Nimalizie na Ignosi. Akiisha kukaa katika kiti chake, wageni wanamuaga, na yeye anawapa neno ambalo wasomaji wengi hulipita haraka ili wafike nyumbani na almasi. Anawaambia hawa watatu ni rafiki zake, lakini mfanyabiashara mwenye bunduki na pombe hatavuka mlima wake. Mwandishi aliyeshiriki kuitwaa Transvaal alimpa mpagazi maneno hayo, mwaka 1885, mwaka ule ule ambao mkutano wa Berlin ulimalizika. Sidhani kama alijua uzito wake wote. Lakini maneno yamo, yamechapwa, na kwa Kiswahili yamesomwa na watoto waliokua wakadai uhuru.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, kesho ukimwona mtu kituo cha basi cha Kasulu, au sokoni Kariakoo, amebeba furushi na lafudhi yake si ya kwenu, mpe nafasi aketi, kisha mwulize jina lake, na la mama yake.