Mwindaji Atakaye Kuwa Askari, Aanzie Wapi?

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama



Tumetakiwa tuseme neno juu ya vijana wawindaji wanaotaka kazi ya kulinda sheria. Jambo hili latuhusu sisi watu wa ofisi kuliko lionekanavyo, maana barua za kuomba kazi hupita mikononi mwetu, na mara nyingi kijana hutuuliza kabla hajatia jina lake chini ya barua: "Niipeleke wapi?" Wako wamjibuo upesi, "Popote penye nafasi." Sisi twaona jibu hilo halimfai. Mahali pa kuanzia ndipo pamfinyangapo askari, na kwa mwindaji neno hili ni zito mara mbili, kwa kuwa aja kazini na ujuzi wake mwenyewe, nao waweza kumwinua au kumwangusha.

Mtu asidhani kwamba mwindaji hawezi kuwa mlinzi. Bwana C. J. P. Ionides, Mwingereza aliyekufa mwaka 1968, alikuwa kwanza askari wa jeshi, kisha mwindaji haramu wa pembe za ndovu. Mwaka 1933 akaingia katika Idara ya Wanyama ya Tanganyika, na kazi yake kubwa ikawa kulikuza na kulilinda pori la Selous. Huko Kenya, Waliangulu walisifika kwa upinde wao mzito uwezao kumwangusha ndovu. Katika miaka ya 1956 na 1957 walikamatwa wengi katika msako mkubwa wa Tsavo. Hata mwaka 1960 ukaanzishwa mpango wa Galana, mashariki ya mbuga ile, ili watu hao wapate riziki ya halali kwa ujuzi ule ule uliowafunga gerezani. Sheria ilikuwa imekwisha kuona kwamba jicho lijualo nyayo ni mali, likiwekwa upande ulio sawa.

Basi, katika Tanzania ya leo milango iliyo mbele ya kijana huyu ni minne. Wa kwanza ni kijiji chake, akawa askari wa wanyamapori wa kijiji katika eneo la hifadhi ya jamii. Wa pili ni mapori ya akiba, yaliyo chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori. Wa tatu ni hifadhi za taifa. Wa nne ni Jeshi la Polisi.

Vijana wengi huuchagua mlango kwa kutazama wingi wa wanyama au uzuri wa sare. Sisi twasema, atazame kwanza sheria ya ardhi ile. Ndani ya hifadhi ya taifa uwindaji hauruhusiwi, wala hakuna leseni ya kuuhalalisha; mtu akionekana na kitanzi cha waya, swali la askari ni fupi. Lakini katika pori la akiba mtu aweza kuwinda kwa kibali. Huko askari hana budi kujua kama mnyama aliyeanguka ni yule aliyeandikwa katika leseni, kama ni dume au jike, kama idadi imezidi, kama mpaka wa kitalu umevukwa. Simba dume awindwaye, kwa mfano, hutazamiwa awe amefika umri wa miaka 6. Na nani aujuaye umri wa simba kwa kumtazama, kama si mtu aliyekaa na wanyama?

Tazameni Selous yenyewe. Mwaka 2019 sehemu yake kubwa ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na sehemu iliyosalia ikabaki pori la akiba. Nyasi ni zile zile, na tembo huvuka mpaka pasipo kuuliza mtu. Lakini mlio mmoja wa bunduki, upande huu waweza kuwa haki ya mtu aliyelipa ada, na upande wa pili ni hatia. Mwindaji aanzaye upande wa pori la akiba hulazimika kila siku kupambanua halali na haramu. Huko ndiko ujuzi wake ugeukapo kuwa utumishi, na ndiko tumshaurikop kuanza.

Yuko atakayetupinga, aseme, "Aanze kwao, kwani ajua kila njia na kila kisima." Ni kweli, ajua. Ajua pia ni nani afukaye nyama usiku, na mtu huyo pengine ni mjomba wake. Damu ni nzito kuliko maji. Akimkamata mjomba, shangazi hamwitikii tena hodi. Akimwacha, kijiji kizima chajua kuwa sheria yake ina mlango wa nyuma. Hatusemi kwamba askari wa kijiji hana maana. Bila yeye habari nyingi zisingefika kituoni. Lakini malipo yake hutegemea mapato ya jumuiya, nayo hupanda na kushuka. Kijana apate kufanya kazi hiyo kama jaribio, ajue kama moyo wake wastahimili doria, njaa na matusi. Akiisha kujijua, aombe kupelekwa mbali na kwao, akajifunze kumkamata mtu yeyote pasipo kuuliza ukoo wake. Baada ya miaka akirudi, atarudi askari kamili, na mjomba mwenyewe atajua.

Na Polisi je? Huo ni mlango wa heshima, lakini kijana ajue auingiapo kwamba ataweza kupelekwa mjini au mpakani, kwenye ajali za barabarani na ugomvi wa nyumbani, asione nyayo za pofu miaka mingi. Apendaye sheria yote na aingie huko. Apendaye pori pekee atanung'unika, na askari mnung'unikaji ni mzigo kwa wenziwe.

Liko jambo jingine ambalo wawindaji hulisahau. Kiangazi, nyasi zikiisha kuungua na wanyama wakikusanyika penye maji, ndio wakati mwindaji autamanio mwaka mzima. Nao ndio wakati doria zizidipo. Aingiaye kazi hii hawezi kuomba likizo ili akawinde. Atawaona wanyama wengi kuliko alivyopata kuwaona, na bunduki iko mkononi, asiruhusiwe kumpiga hata mmoja kwa ajili ya kitoweo. Asiyeweza kuyakubali hayo, na abaki mwindaji mwenye leseni, wala si aibu.

Sasa twaja kwenye neno lituhusulo sisi hasa. Mwindaji asoma nyayo upesi kuliko sisi tusomavyo gazeti. Ataona jani lililovunjika, aseme, "Walikuwa watatu, mmoja amebeba mzigo, wamepita alfajiri." Lakini hakimu hakuwako porini. Hakimu ataka saa, mahali, jina la shahidi, hati ya kukamatia mali iliyotiwa sahihi, na maandishi yaonyeshayo pembe ile ilipita mikononi mwa nani tangu porini hata mahakamani. Kesi si chache zilizovunjika katika rufani, si kwa sababu mshtakiwa alithibitika kuwa hana kosa, bali kwa sababu mnyororo wa maandishi ulikatika. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na ushahidi ni mali.

Kwa hiyo twashauri kijana apitie chuoni. Chuo cha Pasiansi huko Mwanza, kilichoanzishwa mwaka 1966, hufundisha utunzaji wa wanyamapori pamoja na usimamizi wa sheria. Chuo cha Mweka, katika mitelemko ya Kilimanjaro, kilianza mwaka 1963, nacho huwafaa watakao elimu ya juu zaidi. Aisome pia Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori, namba 5 ya mwaka 2009, iliyoshika mahali pa ile ya mwaka 1974.

Msidhani kwamba twazungumza mambo madogo. Mwaka 1976 tembo wa Selous na nchi iliyo kando yake walihesabiwa yapata 110,000. Mwaka 2013 walikuwa wamesalia yapata 13,000 tu. Waliowamaliza walikuwa na watu wa kuwaongoza, wajuao njia na visima. Kila kijana mjuzi wa nyayo asiyepata mahali pema pa kuanzia aweza kuitwa na mtu mwingine mwenye fedha, naye huyo hatamwuliza cheti.

Basi ndugu wanachama, ajapo kijana wa namna hii mezani kwenu, msimwandikie barua kabla hamjamwuliza maneno matatu. Je, aweza kumkamata jamaa yake? Je, aweza kumtazama mnyama aliyenona akapita? Je, yu tayari kuandika kila alionalo, siku ile ile alionapo? Akijibu ndiyo kwa yote matatu, mwandikieni aombe pori la akiba lililo mbali na kwao, na mumpe daftari na kalamu aende navyo. Akisita kwa moja, mwambieni kwa upole aningoje mwaka mmoja katika doria za kijiji, kisha arudi mwulizane tena.

Hayo ndiyo tuliyoyaona yafaa kusemwa.