Mbwa Mdogo, Wajibu Mkubwa: Nasaha kwa Mnunuzi wa Teria
(Mazungumzo na wananchi wa Binza, Maswa, mkoani Simiyu)



Katika kaya zetu mbwa amefugwa tangu enzi za mababu, alinde mji na mifugo. Siku hizi wapo pia wanaotamani mbwa mdogo wa kukaa na watoto, hususan teria wa aina ya Jack Russell. Nasaha yetu ni moja: kabla ya kulipa, ijue kazi aliyozaliwa nayo mbwa huyo, na uione kadi yake ya chanjo.

Teria huyu amepewa jina la John Russell, kasisi wa Uingereza wa karne ya 19, aliyetaka mbwa wa kumfurusha mbweha shimoni. Kimo chake ni sentimita 25 hadi 30, na uzito wake ni takriban kilo 5 hadi 6. Asidhani mtu kwamba udogo huo ni upole. Hufukua ardhi, hubweka sana, na hukimbiza kila kidogo kinachokimbia, wakiwamo kuku wa jirani. Asipopewa mazoezi kila siku, huharibu vitu. Afundishwe tangu utotoni, wala asiachwe peke yake na mtoto mchanga. Watoto nao wafundishwe kutomsumbua mbwa alaye au aliyelala. Akitunzwa vizuri huweza kuishi zaidi ya miaka 13. Basi mnunuzi ajiulize kama ataweza kumlisha na kumtibu muda wote huo.

Sasa tuingie sokoni. Mtoto wa mbwa ni vigumu kumtambua aina yake kwa macho tu. Kwa hiyo omba kumwona mama yake, na mahali alipozaliwa. Usimchukue aliyetenganishwa na mama kabla ya kutimiza wiki 8. Dai stakabadhi inayotaja aina, umri na bei. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na stakabadhi hiyo ndiyo ushahidi wako.

Lakini hasara ya fedha si kubwa kuliko hasara ya uhai. Kichaa cha mbwa, dalili zake zikishaonekana kwa binadamu, karibu kila mara huua. Na takriban wagonjwa wote duniani huambukizwa na mbwa. Kwa kawaida chanjo hutolewa mbwa akiwa na miezi 3, kisha hurudiwa kwa ratiba ya daktari wa mifugo. Wataalamu hushauri walau asilimia 70 ya mbwa wa eneo wachanjwe ili ugonjwa usienee. Teria mmoja aliyechanjwa hailindi Binza nzima. Mbwa wetu wa kienyeji nao wapelekwe.

Sisi tulio katika mkoa unaopakana na Serengeti tunayo sababu nyingine. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa uliua takriban theluthi moja ya simba wa hifadhi hiyo, na watafiti waliuhusisha na mbwa wa kufugwa wa vijiji vya jirani. Distempa nayo ina chanjo. Muulize muuzaji kama imetolewa.

Mtu akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Asisubiri kuona mbwa atakuwaje.

Mwisho, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama ampe chakula, maji, makazi na matibabu. Asiyeweza kutimiza hayo asinunue. Na aliye tayari aanzie kwa ofisa mifugo wa kata yake, kabla hajaanza kwa muuzaji.