Watawa wa Mombasa na Mtoto Waliyemlea

Mazungumzo yaliyotolewa Shanzu mbele ya walimu, wazee na vijana



Niliombwa niseme habari za maisha na kazi ya padre mmoja aliyekuwa mtawa. Nilipokaa kuyatengeneza maneno yangu niliona kwamba hatuna haja ya kwenda nchi za mbali kuzitafuta habari hizo. Mtu akitoka hapa Shanzu, akapita Bamburi na Kisauni, akavuka daraja la Nyali, hukawii kumwona yuko Mji wa Kale, mbele ya ile ngome ya Wareno iitwayo Fort Jesus. Karibu na ngome hiyo, zaidi ya miaka 400 iliyopita, palikuwa na nyumba ya watawa. Kwa hiyo mniwie radhi nikisema habari za nyumba nzima badala ya mtu mmoja, kwa maana watu wale waliishi pamoja, wakala pamoja, na mwisho wakafa pamoja.

Watawa wenyewe walikuwa wa shirika la Mtakatifu Augustino. Mtu aliyeingia humo aliapa kuishi katika ufukara, asioe, na awatii wakubwa wake. Hakujifungia mbali na watu kama wafanyavyo watawa wa namna nyingine. Kazi yake ilikuwa mijini, katikati ya watu. Kwa Kireno aliitwa frei, na maana yake ni ndugu. Tena wengi wetu hatukumbuki kwamba huyo Augustino, ambaye kanuni zake walizifuata, alikuwa Mwafrika. Alizaliwa Thagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria, akawa askofu wa Hippo, akafa mwaka 430. Basi kanuni iliyoandikwa Afrika ilikwenda Ulaya, ikafika Uhindi, ndipo ikaja kushuka Mombasa kwa jahazi.

Wareno walianza kuijenga ngome mwaka 1593. Watawa wa Augustino walikuwa wamekwisha kufika Goa, mji mkuu wa Wareno katika Uhindi, tangu mwaka 1572, na mwaka 1595 mmoja wao, Aleixo de Menezes, alifanywa askofu mkuu wa mji huo. Kabla ya karne kwisha watawa wakawa wako Mombasa. Waliwaombea Wareno, wakazika wafu wao, wakatazama wagonjwa, na wakawafundisha dini Waafrika waliotaka kusikia. Wako waliobatizwa, na hao tutawaona tena baadaye.

Neno letu “padri” lilitoka kinywani mwa Wareno. Na wataalamu wa lugha husema kwamba hata neno “gereza” ni lao, limetokana na igreja, yaani kanisa. Ndani ya ngome mlikuwa na kanisa, na watu wa pwani wakaiita ngome yote kwa jina hilo. Baadaye Serikali ya Kiingereza ikaitumia ngome kufungia wahalifu tangu 1895 hata 1958. Hivyo neno lililoanza kuwa nyumba ya sala likaishia kuwa nyumba ya kifungo, na mimi kila nilisikiapo huwakumbuka watawa wale. Shida yao yote imo katika neno hilo moja: walikuja kwa jina la ndugu, lakini nyumba yao ilisimama chini ya mizinga.

Wakati huo mfalme wa Mombasa alikuwa wa ukoo wa Malindi, marafiki wa Wareno wa tangu zamani. Kwa mapatano alipewa theluthi ya ushuru wa forodha. Walakini kapteni wa ngome alikuwa mtu wa kupita; alishika kazi yake miaka michache tu, na wengi waliitumia miaka hiyo kujitajirisha. Mfalme Hasan bin Ahmad aligombana na kapteni, na mwaka 1614 alikimbilia huku bara kuokoa maisha yake. Hakuokoka. Watu walilipwa, wakamwua, na kichwa chake kikapelekwa Goa.

Alimwacha mtoto, Yusuf, wa umri wa miaka saba hivi. Mtoto huyo naye akapelekwa Goa, mji ule ule kilikopelekwa kichwa cha baba yake, akatiwa mikononi mwa watawa wa Augustino. Nyumba yao huko ilikuwa kubwa, juu ya kilima; kipande cha mnara wa kanisa lake kingali kimesimama hata leo. Walimfundisha kusoma na kuandika, wakamfundisha dini yao, wakambatiza. Akaitwa Dom Jerónimo Chingulia. Akakua, akafanya kazi katika manowari za Wareno, akaoa mke Mkristo.

Hapa ningependa tutue kidogo. Mimi sitawadharau watawa wale kwa kazi waliyoifanya. Kumlea yatima, kumlisha na kumpa elimu, si jambo dogo, wala sina sababu ya kudhani kwamba hawakumpenda. Lakini mtoto wa miaka saba hukumbuka. Alijua alikuwa mwana wa nani na kwa nini yuko Goa. Je, katika masomo yote yale, yuko aliyemwambia waziwazi kwamba baba yake alidhulumiwa? Mwalimu akilikwepa jambo ambalo mwanafunzi wake analilia usiku, masomo mengine yote hukaa juu juu kama mafuta juu ya maji.

Mwaka 1626 alirudi Mombasa kutawala. Watawa walifurahi sana: mfalme Mkristo, mwanafunzi wao wenyewe, katika mji wa Waislamu! Furaha hiyo haikudumu. Raia zake hawakumwamini kwa sababu ya dini yake mpya, na Wareno wa ngomeni hawakumheshimu kwa kuwa ni mtu wa pwani. Alikuwa mfalme asiye na watu. Inasimuliwa kwamba usiku alikuwa akienda kwenye kaburi la baba yake, akisali kama Waislamu wasalivyo, na kwamba yuko aliyemwona akampelekea kapteni habari. Yusuf akajua kwamba atakamatwa na kurudishwa Goa, safari hii kuhukumiwa.

Mwezi wa Agosti 1631, siku za sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, aliingia ngomeni na watu wake kama mtu aliyekuja kuamkia, akamwua kapteni Pedro Leitão de Gamboa kwa mkono wake. Ngome ikatwaliwa. Wareno waliosalia mjini, pamoja na wake zao na watoto, walikimbilia nyumba ya watawa. Watawa wangeweza kusema kwamba ugomvi huu si wao, wakafunga mlango. Hawakuufunga. Waliwakaa nao wale watu, wakawaungamisha, wakawatia moyo, siku baada ya siku, mpaka ilipotoka amri ya mfalme kwamba achague kila mtu, kusilimu au kufa.

Waliouawa walikuwa mamia, na watawa wakiwamo. Na si Wareno peke yao. Wale Waafrika waliobatizwa, ambao hakuna jeshi lililokuwa likija kuwaokoa, nao waliulizwa, na wengi walikataa kuiacha dini waliyoichagua. Habari zao zilipatikana kwa mashahidi walioapishwa Goa miaka iliyofuata, maana Kanisa lilitaka kujua kama watu hao waandikwe kuwa wafia dini.

Yusuf aliushika mji chini ya mwaka mmoja. Manowari zilizotoka Goa mwanzoni mwa 1632 zilishindwa kumtoa. Aliondoka mwenyewe kwa bahari, na mwaka 1638 akafa upande wa Bahari ya Sham. Wako wanaomwita mhaini, wako wanaomwita shujaa wa pwani. Mimi kila nikimfikiri namwona bado yule mtoto jahazini, anapelekwa Goa.

Wareno walirudi, wakakaa mpaka Waarabu wa Oman walipoitwaa ngome mwezi wa Desemba 1698. Ukipata nafasi ya kwenda, tazama juu ya lango. Pana jiwe la mwaka 1639 lililoandikwa kwa Kireno. Limetaja jina la kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, miji ya pwani aliyoiadhibu, Pate na Siyu na Pemba, wafalme aliowatoza kodi, na zawadi alizopewa kwa kazi hiyo. Ni maandishi marefu. Watawa hawakutajwa humo hata kwa neno moja, wala wale Waafrika waliokufa pamoja nao.