Yoyo na Kamani Yake: Hotuba kwa Wahitimu wa Ufundi, Nyawera

Wahitimu wa ufundi wa mitambo, nimeombwa ninene juu ya ufundi, nami, badala ya kuyasifu mabwawa ya umeme ya mto Ruzizi, ambayo nadhani mmekwisha kuyasikia ya kutosha, nimeazimia kunena habari za yoyo, kidude cha watoto cha visahani viwili vilivyounganishwa kwa mhimili wenye uzi, kwa kuwa ndani yake imo mas'ala iwezayo kumkosesha usingizi mtu mzima mwenye diploma.

Mwaka 1928, Pedro Flores, mzaliwa wa Ufilipino, alianza kuunda yoyo za kuuza huko Santa Barbara, Kalifornia, wala hakudai kuwa ndiye aliyeibuni, maana kwao ilijulikana tangu zamani. Ila uzi wa yoyo zake haukufungwa fundo kwenye mhimili, bali ulizungushwa kitanzi kilicholegea, hata yoyo ikifika chini huendelea kuzunguka papo hapo, isipande mpaka mchezaji aishtue kwa mkono. Katika miaka ya 1980, kampuni ya Yomega ya Marekani ikaitia yoyo ndani mikono yenye uzito, inayobanwa na kamani: mzunguko ukiwa mkali, uzito hukimbilia nje na mikono ikauachia mhimili; ukipungua, kamani huirudisha ikaukamata, yoyo ikapanda yenyewe.

Kusimulia ni rahisi. Lakini kamani ikizidi nguvu, mikono haiachii kamwe. Ikiwa dhaifu, hukamata wakati mzunguko umekwisha kufifia, na yoyo hukwama katikati ya uzi. Na kisahani kimoja kikimzidi mwenziwe uzito, yoyo huinama, uzi ukasugua ubavu. Hesabu itawaonyesha pa kuanzia, ila msuguano wa mti na chuma hauonekani barabara kwenye mchoro. Basi atakaye kubuni yake na akereze visahani viwili vya mti, atwae kamani ya kalamu ya biki ya kubonyeza, kisha kila ajaribupo abadilishe kitu kimoja tu, ama uzito ama kamani, kwani akibadilisha vyote kwa pamoja hatajua kipi kilichomfaa na kipi kilichomharibia.

Mimi, mkiniuliza, naupendelea ufundi wa Flores, kwa kuwa humwachia mchezaji hiari ya kuamua lini yoyo irudi. Atakayetaka kunibishia na aje na yoyo aliyoiunda mwenyewe. Uzi nitaleta mimi.