Mfua Maji Akiumia, Nani Alipe?

Leo tutupie macho Mafia, upande wa Shungimbili, kile kisiwa kidogo kilichofanywa hifadhi ya bahari mwaka 2007. Mashua zinazopita huko, kama nyingi za pwani yetu, huwa na kijana wa kufua maji. Hana mshahara. Chombo kikirudi hupewa kitoweo, basi. Siku kamba ya nyavu ikimkata vidole, mwenye chombo husema: "Mimi sikumwajiri, huyo ni mpwa wa nahodha, alikuja kusaidia tu."

Maneno hayo hutosha kijijini. Mahakamani hayatoshi. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inamhesabu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitike vingine, mtu anayefanya kazi kwa amri ya mwenziwe au kwa vifaa vya mwenziwe. Haidai karatasi ya mkataba. Nayo Sheria ya Mtoto ya 2009 inataja waziwazi kwenda baharini miongoni mwa kazi za hatari asizopewa aliye chini ya miaka 18. Basi tajiri asijifiche nyuma ya hoja kwamba mtoto hakustahili kuwamo chomboni. Aliyempakia ni nani?

Wapo wanaosema mtoto alizembea mwenyewe. Uzembe wa mtoto hupimwa kwa akili ya umri wake, si kwa akili ya baharia wa miaka 40. Wengine husema baba aliridhia. Lakini fidia ni haki ya mwana, wala si ya baba kuigawa.

Kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya 2008, unaochangiwa na waajiri peke yao. Ni jambo zuri, ila mwenye mashua asiyeandikisha hata baharia wake wakubwa atamwandikishaje mfua maji?

Hapo hubaki kesi ya madai. Mtoto hushtaki kupitia mtu mzima anayemsimamia, na muda wa madai ya namna hii, yaani miaka 3, hauanzi kumhesabia kabla hajatimiza miaka 18. Aliyeumia akiwa na miaka 12, na mambo "yakamalizwa" barazani kwa gunia la mchele, anaweza kufungua madai kabla hajafikisha miaka 21. Mama yake aitunze vizuri ile PF3 na karatasi za hospitali, na ayaandike majina ya waliokuwamo chomboni siku ile wangali wanakumbuka.