Muhuri wa Wakili kwenye Fomu ya Mkopo

Msikilizaji, fomu ya kuomba mkopo wa elimu ya juu hapa Tanzania ina sehemu inayogongwa muhuri na wakili au hakimu. Kwa hiyo mhitimu wa sheria anayeomba mkopo wa kwenda Shule ya Sheria kwa Vitendo hubisha hodi kwa wakili, akalipia muhuri, ili naye siku moja awe na wa kwake. Hapo wengi hucheka. Kicheko hukauka wakifika kwenye viambatisho.

Tangu shule hiyo ianze mwaka 2008, shahada peke yake haimfikishi mhitimu kwenye uwakili. Na shule ni moja, ipo Dar es Salaam. Anayetoka Tarime au Masasi akimaliza kuhesabu ada, anaanza kuhesabu kodi ya chumba, daladala na chakula. Siku hizi Bodi ya Mikopo hutoa mwongozo mahususi kwa wanafunzi hao, nayo ni hatua ya kupongezwa. Ila usome mwongozo wa mwaka wako, si ule aliokuachia kaka yako.

Turudi kwenye viambatisho. Cheti cha kuzaliwa sharti kihakikiwe na wakala wa usajili, RITA. Mzazi akiwa amefariki, cheti cha kifo nacho kihakikiwe. Sasa cheti kimoja kinasema Mohamed, kingine Mohamedi, na kitambulisho cha taifa cha NIDA kinasema Muhammad! Ndugu mwanasheria, ulisomea sheria ya ushahidi. Ichukulie fomu kama jalada la kesi, na jina ulirekebishe kabla dirisha la maombi halijafunguliwa, maana kiapo cha dakika za mwisho hakina uhakika.

Ninalotaka kulisema hasa ni hili. Mwaka 2022 matokeo ya shule hiyo yaliitikisa nchi: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Damas Ndumbaro, akaunda kamati ya kulichunguza suala hilo chini ya Harrison Mwakyembe. Tukabishana kwenye vijiwe na kwenye redio: kosa la vyuo, la shule au la wanafunzi? Habari ya deni haikupewa nafasi kubwa. Mkopo hudaiwa kwa aliyefaulu na aliyefeli, na kwa waliokopeshwa tangu shahada, hilo ni deni juu ya deni. Mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Wakili mchanga anayeishi kwa nauli anayopewa ofisini, mshahara wa msingi anautoa wapi?

Simkatazi mtu kukopa. Mtoto wa mkulima asipokopa, uwakili utabaki wa wenye nacho. Lakini anayekopa aambiwe mapema, kwa maandishi, nani atalipia akirudia mitihani, na awekewe mbele matokeo ya waliomtangulia. Bodi na shule, zote mbili ni za umma. Haziwezi kushindwa kuketi meza moja.

Na ukinyimwa, au ukapewa pungufu, subiri dirisha la rufaa. Nawashangaa wanasheria wanaonyimwa mkopo wakaishia kulalamika kwenye makundi ya WhatsApp. Andika rufaa yako, ambatisha kilichokosekana, na utunze nakala yenye tarehe.