Wauguzi Wachache, Wajibu wa Wengi



Wapo watu wanaodhani kwamba mwuguzi ni mtu wa kutekeleza amri za daktari tu. Historia ya Msumbiji inatufundisha vingine. Hayati Samora Machel, Rais wa kwanza wa nchi hii, alikuwa mwuguzi kabla ya kuwa mpigania uhuru. Alifanya kazi hospitalini katika mji wa Lourenço Marques, ambao leo ni Maputo, mpaka alipoondoka mwaka 1963 kwenda Tanzania kujiunga na FRELIMO. Baada ya uhuru wa mwaka 1975, Wareno wengi walipofungasha mizigo yao, madaktari wakiwemo, ni wauguzi na wakunga, pamoja na wahudumu wa afya wa vijijini walioanza kufunzwa mwaka 1978, waliobaki na wananchi.

Mzigo huo haujapungua. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2025 kwamba katika mwaka 2023 dunia ilikuwa na wauguzi milioni 29.8, na kwamba ilihitaji wengine milioni 5.8. Tena hao waliopo hawakugawanyika kwa haki. Karibu wanane katika kila kumi wanahudumia nchi zenye nusu tu ya watu wote duniani. Bara letu la Afrika ni miongoni mwa sehemu zenye upungufu mkubwa kabisa, na mara nyingi mwuguzi tuliyemsomesha kwa jasho letu huvutwa na mshahara wa ng'ambo.

Huku pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, shida hiyo imeongezewa shida nyingine. Tarafa ya Mbau imo katika wilaya ya Mocímboa da Praia, ambako mashambulizi ya watu wenye silaha yalianza tarehe 5 Oktoba 2017. Mji wa Mocímboa da Praia ulitekwa mwezi wa Agosti 2020, na ni mwezi wa Agosti 2021 ndipo majeshi ya Msumbiji na Rwanda yalipoukomboa mji huo na Mbau pia. Katika mkoa mzima watu zaidi ya milioni moja waliyahama makazi yao, na watumishi wa afya walihama pamoja nao. Wananchi walipoanza kurudi mwaka 2022, walikuta majengo yameharibiwa. Lakini ukuta wa zahanati huweza kujengwa upya kwa miezi michache, hali kumwandaa mwuguzi ni kazi ya miaka, na kumshawishi arudi mahali alipokimbia risasi ni kazi ngumu zaidi.

Hebu tufikiri, ndugu wasikilizaji, juu ya mwuguzi wa kijijini. Mchana hupima homa, huchanja watoto, hufunga vidonda, hugawa dawa za kifua kikuu na za ukimwi, kisha huandika taarifa. Usiku huamshwa kumzalisha mama mjamzito. Mtu huyo asipopata usingizi, chakula cha kutosha, maji safi, nyumba salama na mwenzake wa kumpokea zamu, hapana budi atachoka, na mchovu hukosea kipimo cha dawa. Wahudumu wa afya wa Msumbiji walipogoma mwaka 2023 na tena mwaka 2024, madai yao hayakuwa ya mshahara tu. Walidai pia dawa na vifaa vya kazi. Kwa hiyo kumtunza mwuguzi si hisani. Ni kumtunza mgonjwa.

Lakini si kila linalomwelemea mwuguzi limetoka serikalini. Mengine yanatoka kwetu. Katika mikoa ya kaskazini, mara kadhaa wahudumu wa afya wametuhumiwa kuwa wao ndio wanaoleta kipindupindu, hata wakapigwa. Dawa ya kusafishia maji kwa Kireno huitwa cloro, na ugonjwa wenyewe huitwa cólera; majina hayo yakakaribiana masikioni, na anayetia dawa kisimani akaonekana anatia sumu. Tarehe 7 Aprili 2024, karibu na Kisiwa cha Msumbiji, chombo kilichojaa watu kilizama, wakafa watu zaidi ya 90, wengi wao watoto. Wakuu wa mkoa wa Nampula walieleza kwamba watu hao walikuwa wanakimbia kwa sababu ya uvumi juu ya kipindupindu. Hivyo uvumi uliua kabla ya ugonjwa, tena humfukuza yule yule ambaye tungemkimbilia.

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba, na pale penye mwuguzi mmoja kwa vijiji vingi, kinga ndiyo tiba iliyo karibu. Mwaka 1981, wakati wa ukame, watu zaidi ya 1,000 katika mkoa wa Nampula, wengi wao wanawake na watoto, walipooza miguu kwa ugonjwa ulioitwa mantakassa. Sababu yake ilikuwa muhogo mchungu ulioliwa bila kulowekwa wala kuanikwa vya kutosha, tena bila samaki wala kunde. Kupooza huko hakuna dawa, lakini subira ya siku chache tu ingeweza kukuzuia. Basi tuuloweke muhogo na kuuanika mpaka ukauke, tule samaki, kunde, mboga na matunda, tuchemshe maji ya kunywa, tuchimbe vyoo, tulale ndani ya chandarua, na tuwapeleke watoto kuchanjwa. Kila mtu asiyeugua humpa mwuguzi nafasi ya kumhudumia aliyeugua.

Serikali ina wajibu wake ulio dhahiri: ulinzi, nyumba, dawa, na malipo yanayofika kwa wakati. Vijana wa Mbau, hasa wasichana, wapewe nafasi katika vyuo vya uuguzi, kwani anayesema lugha ya mgonjwa na kujulikana na jamaa zake si rahisi kusingiziwa kuwa mleta maradhi. Nasi wananchi tunao wetu. Mwuguzi anapofika kijijini na kopo lake la dawa ya maji, wazee na wawe wa kwanza kumkaribisha na kumwuliza mbele ya watu wote dawa hiyo inafanya nini, ili uvumi usipate mahali pa kukaa.